Daftari la Siraje na Drafti ya Redioni

Mama Nusifa mpendwa, nakuletea jambo ambalo watu wa hapa wakilisikia wanacheka, kwa sababu ni jambo la drafti, na mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita mwenye mgongo wa mzee wa sabini, lakini limenikaa rohoni wiki tatu sasa na sina wa kumwambia, kwa hiyo naomba unisaidie na usiitupe barua hii kabla hujafika mwisho.

Mimi ni mpagazi katika stoo ya mazao hapa Jinja, kazi yangu ni kubeba magunia ya kahawa na mahindi kutoka kwenye lori hadi kwenye mzani na kutoka kwenye mzani hadi juu ya rundo, nimepanga chumba Wanyange, lakini nyumbani kwetu ni Mbale, na mama yangu anaishi Nabuyonga katika nyumba aliyoachiwa na baba. Mke sina tena, Margret alichoka kunisubiri akarudi kwao. Shule niliachia darasa la tano, na Kiswahili hiki nimejifunzia chini ya magunia kwa sababu hapa tuko Wasoga, Wagisu, Wateso na Wajaluo, na gunia likikuponyoka lazima upige kelele kwa lugha ambayo kila mtu ataelewa aruke. Kwa hiyo nikikosea utanisamehe.

Kampuni yetu ina stoo Jinja, Iganga, Tororo na Mbale, na kila stoo ina redio ya upepo kama zile za polisi, ya kutoa ripoti ya magunia yaliyoingia na yaliyotoka, na bosi ameamuru redioni ni Kiswahili tu, kila mtu aelewe, ili tusije tukauza kahawa yake kwa lugha za kwetu. Jumamosi kazi inaisha saa nane mchana, na Andrew, ambaye ndiye anayekaa na redio, akishatoa ripoti ya mwisho anakwenda kula na kutembea, anatuachia chumba mpaka saa kumi, na hapo ndipo tunapocheza drafti ya hewani. Mama, labda hujawahi kuiona, kwa hiyo nakueleza. Wewe una ubao wako umeandikwa namba kwa chaki, moja mpaka thelathini na mbili, na vizibo vya soda, na mwenzako wa stoo nyingine ana ubao kama huo, akisema ishirini na mbili kwenda kumi na nane wewe unamsogezea kizibo chake hapa kwako, kisha unamwambia wa kwako, unamalizia na ova kumpa zamu, naye anakusogezea kule. Huoni uso wake wala haoni wako. Sheria ni moja tu, kila mtu acheze kwa kichwa chake, pembeni yako asikae mtu wa kukunong'oneza.

Mimi nacheza na Gidudu, mlinzi wa stoo yetu ya Mbale, kule kwenye viwanda, Industrial. Gidudu anakaa Nabuyonga, mlango wa tatu kutoka kwa mama yangu, na mimi na yeye tulitahiriwa mwaka mmoja, mwaka wa sabini na nane, na nyinyi mnaoishi Mbale mnajua maana yake kwetu Wagisu, mtu kama huyo humfichi kitu, akikukuta unakula ananawa mikono bila kuuliza, na kumdanganya ni sawa na kumtemea mate usoni.

Miaka miwili tumecheza kila Jumamosi na miaka miwili nimeshindwa. Nadhani nilishinda mara tatu, na mara moja ni kwa sababu kuku alipita juu ya ubao wake, naye Gidudu akashindwa kukumbuka vizibo vilikuwa wapi. Mimi nilikuwa sijali sana, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa hivi:

"Ishirini na mbili kwenda kumi na nane, ova."

"Kumi na moja kwenda kumi na sita. Mama yako jana amekula malewa ya mianzi na ndizi, sahani nzima, ova."

"Asante, bwana. Na mvua je, paa linavuja? Ova."

"Paa nimelipiga msumari. Cheza, wewe Mafabi, unalala? Ova."

Tulikuwa tunakwenda hivyo mpaka saa kumi. Akishanishinda anapita kwa mama jioni anamwambia, na Jumamosi inayofuata ananiletea jibu. Mama anauliza, "Ameshindwa tena? Huyo tangu utoto anasukuma mbele hatazami nyuma," halafu anacheka mpaka anashika ukuta. Kila wiki ilikuwa hivyo. Mwezi wa tano alishikwa na homa, mimi sikuambiwa mpaka alipopona, kwa sababu alimkataza Gidudu, alisema, "Usitangaze homa yangu kwenye chuma hicho, Tororo nzima isikie, na mtoto wangu aache kazi ya watu." Gidudu alipokuja kuniambia baadaye tulicheka wote.

Sasa hapa kazini kushindwa kwangu kulikuwa mchezo wa watu wengine. Nulu anayetuuzia chakula getini alikuwa akiniona tu anasema, "Mafabi, njoo nikushinde na mwiko wangu." Mukama, ambaye tunabeba naye, alikuwa ananiita Balozi wa Kushindwa. Nilivumilia, lakini mtu anachoka, Mama, mchana kutwa uko chini ya gunia halafu hata kwenye kitu unachokipenda uko chini. Ndipo nikaenda kwa Siraje.

Siraje ni fundi baiskeli karibu na soko, anajulikana Jinja nzima kwa drafti, na ameandika daftari la njia za ushindi, njia arobaini, kila njia na mchoro wake, analitoa fotokopi analiuza shilingi elfu sita, yaani siku tatu za mgongo wangu. Nikamwambia mimi si mtu wa mashindano, nacheza peke yangu na redio kupumzisha kichwa tu, je, litanifaa? Akanitazama kwa huruma. "Bwana," akasema, "wewe si mjinga. Wewe huna ramani tu." Maneno hayo yaliniingia nikalipa.

Nilianza kulisoma saa ya chakula, posho inapoa mbele yangu, nikipanga vizibo juu ya gunia, na wiki ya pili nikawa nimeshika njia saba. Jumamosi ile nilimshinda Gidudu hata nusu saa haikufika. Jumamosi iliyofuata nikamshinda tena mara mbili. Nisikufiche, Mama, nilisikia raha ambayo sikuisikia tangu siku niliyolipwa mshahara wa kwanza. Lakini pia kuna kitu kilibadilika ambacho nilikiona na nikakipuuza. Akisogeza mahali ambapo daftari halikusema, mimi najikuta sina kitu, nafungua kurasa, na yeye kule anasema, "Mbale inangoja, ova," na mimi nafungua tu. Zamani nilikuwa namaliza Jumamosi nikiwa mwepesi, siku hizi namaliza kichwa kinauma, drafti imekuwa gunia lingine ambalo nimejitwisha mwenyewe tena kwa pesa yangu. Na habari za nyumbani zilipungua. Nilidhani ni kwa sababu anafikiri sana, maana sasa anacheza na mtu.

Halafu wenzangu waliposikia nashinda wakaanza kuja. Zamani chumba kilikuwa changu peke yangu, nani atakaa kumtazama Balozi wa Kushindwa? Sasa Jumamosi ikawa watu saba, wanane, wamekaa juu ya magunia, wanapiga makofi, wanapiga mluzi. Jumamosi ya wiki tatu zilizopita tuko katikati ya mchezo, mimi nina vizibo tisa yeye sita, daftari liko pajani kwangu, Gidudu akaacha kusema namba. Akasema polepole, "Mafabi. Uko na nani hapo? Ova."

Mama Nusifa, nilijua ameshtuka, nilijua amegundua hiki si kichwa changu. Nikawainulia mkono wale watu wote wakanyamaza, wengine wamejiziba mdomo kwa kucheka, nikabonyeza nikasema, "Niko peke yangu, ova." Na kabla sijaachia kidole Mukama akapiga chafya, vumbi la kahawa lilimwingia puani, chafya kubwa ya kusikika mpaka Mbale hata bila redio.

Kisha Gidudu akasema, "Sawa. Umeshinda. Nakata." Akakata, na mchezo ulikuwa haujaisha.

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye magunia. Mimi nilicheka nao, lakini nilijua nimemdanganya mtu niliyesimama naye siku ya kisu.

Jumamosi iliyofuata alinijibu, lakini hakunisalimu wala hakuniuliza lolote. Alisema, "Mafabi, acha ubao. Njoo nyumbani tucheze macho kwa macho. Usingoje Krismasi, ova." Chumba kizima kikapiga kelele, "Amekuita! Amekuita!" wakasema anataka kuniaibisha mbele ya watu wa Nabuyonga bila daftari. Nikabonyeza nikasema tu, "Nimesikia, ova." Habari hiyo ikafika kwa Siraje kabla hata mimi sijafika, akaja getini mwenyewe, anasema ana daftari la pili, la kucheza macho kwa macho, lina mpaka namna ya kumtazama mtu usoni ili mkono wake utetemeke. Na Jumamosi hii iliyopita niliita Mbale, Gidudu hakuwepo, akajibu mlinzi mwingine anaitwa Geresom, akasema, "Huyo siku hizi anatoka mapema, anasema ana shughuli Nabuyonga." Nikajua ananikimbia.

Sasa sijui nifanye nini. Niko katika njia tatu. Ya kwanza ninunue daftari la pili nilisome mpaka Krismasi, niende nimshinde mbele ya watu, yaishe. Ya pili nisiende kabisa, maana hata hivyo nilijiapia nisirudi kwa mama mikono mitupu, na mikono bado ni mitupu. Ya tatu nimwambie ukweli, lakini kwenye redio hiyo Iganga na Tororo wote watasikia, na barua siwezi kumwandikia kwa sababu yeye kusoma ni shida, atampelekea mtu amsomee na itakuwa vilevile. Na swali ambalo linanisumbua zaidi, nilitupa pesa yangu bure? Haya madaftari yanamsaidia mtu kama mimi ambaye anacheza kwa kupumzika tu, au ni ya watu wa mashindano? Naona nilikuwa na rafiki mmoja na mchezo mmoja, nikanunua kitabu cha kuniboresha, sasa sina rafiki na mchezo siupendi.

Ukitaka kutaja jina langu taja tu, Mafabi tuko wengi.

Wako,
Mafabi, mpagazi, Wanyange.

MAMA NUSIFA ANAJIBU

Mwanangu Mafabi, barua yako ilikuwa chini ya nyingine kumi na saba. Nimeitoa nikaiweka juu, na nimemwomba mhariri aichape wiki hii. Sababu utaiona ukinisoma mpaka mwisho, kama ulivyoniomba mimi nikusome.

Nianze na swali la daftari, kwa kuwa hilo ni jepesi. Siraje hakukuibia. Daftari lake linafanya kazi, wewe mwenyewe umeshinda. Mtu anayekwenda kwenye mashindano na alinunue, na alale nalo akitaka. Lakini wewe ulikwenda dukani kununua dawa ya ugonjwa ambao hukuwa nao. Ulimwambia fundi wa baiskeli kwamba unacheza kupumzisha kichwa, na yeye akakuuzia kazi ya kichwa. Kosa lake ni dogo, yeye anauza alichonacho. Kosa lako ni kwamba ulisikia vicheko vya Nulu na Mukama ukadhani ndivyo vinavyokuambia mchezo wako ni wa nini.

Marehemu mume wangu alicheza mweso, lile bao la mashimo na kete, hapa Mbale miaka thelathini. Hakuwahi kufundishwa na mtu, na alishindwa na kila mtu, hata na wageni waliokuja kuuza kuku. Nilikuwa namwonea aibu. Siku ya mazishi yake nilihesabu waliobeba jeneza, wote ni watu waliomshinda.

Mchezo wa mtu aliyechoka una mshahara wake, na mshahara huo si ushindi. Wako ulikuwa unalipwa kila Jumamosi na uliuandika mwenyewe katika barua yako bila kujua: sahani ya malewa, paa lililopigwa msumari, mama aliyeshika ukuta kwa kucheka. Ulikuwa unashindwa saa mbili ili yeye acheke jioni nzima. Mwanangu, hiyo bei ilikuwa nzuri.

Sasa nikugombeze, kisha tuendelee. Umemdanganya mtu mliyesimama pamoja siku ya kisu. Hilo ni baya, na unalijua, kwa hiyo silirudii. Ila umenichekesha pia, nisikufiche. Watu wanane wamejiziba midomo, halafu chafya! Hata Mungu wakati mwingine anamtumia mpagazi kusema kweli.

Lakini kuna jambo baya kuliko uongo ule. Umesoma daftari la Siraje mpaka umeshika njia saba kwa moyo, na mtu aliyekuwa anaongea nawe kila wiki hukumsoma hata kidogo. Rudi kwenye barua yako tuisome pamoja, polepole.

Mama yako alimkataza Gidudu kutangaza homa yake redioni. Umeniandikia wewe. Miaka miwili Gidudu hajakosa Jumamosi hata moja kukuambia mama amekula nini. Ulipoanza kushinda, chumba kilijaa watu. Yeye anasikia makofi na miluzi huko kwake, na redio ni Kiswahili tu, kila mtu anaelewa. Habari za mama zikapungua. Wewe ukasema anafikiri sana.

Kisha akaacha namba katikati ya mchezo akauliza uko na nani.

Mafabi, mtu anayemshuku mwenzake kwamba anasaidiwa hasemi hivyo. Anasema, "Wewe, nani anakunong'oneza?" na anatukana kidogo, na nyinyi Wagisu mnajua kutukanana mkipendana. Huyu aliuliza polepole. Mimi naona alitaka kujua kama uko peke yako kwa sababu alikuwa na neno la kukuambia kwa mafumbo, Tororo wasilielewe, na mbele ya watu wanane wanaokujua fumbo lingefumbuliwa. Ukamjibu uko peke yako, na chafya ikamwambia hapana. Angefanya nini? Akakupa ushindi usio wako akakata.

Wiki iliyofuata akakuambia acha ubao. Acha ubao, mwanangu! Mtu anayetaka kukuaibisha kwenye ubao atakuambia uuache? Akasema njoo nyumbani, usingoje Krismasi. Chumba kizima kilisikia mwito wa mchezo, na wewe ukasikia walichosikia wao. Na Jumamosi hii Geresom akakuambia Gidudu anatoka mapema, ana shughuli Nabuyonga. Nabuyonga mlango wa tatu kutoka kwake ni kwa nani?

Niseme wazi, sina uhakika. Mimi ni mwanamke ninayekaa na barua za watu, si mganga wa kutazamia. Nabuyonga si mbali na hapa ninapoandika, na ningeweza kumtuma mtu akapige hodi. Nilivaa hata viatu, nikavivua. Mama huyo hakutaka Tororo ijue homa yake, hatafurahi kumwona mjumbe wa gazeti mlangoni. Anayetakiwa kupiga hodi pale ni wewe.

Kwa hiyo njia zako tatu zote ziache, hata ile ya kweli, kwa sababu umeifikiria kwa redio na kwa barua tu. Fanya hivi. Siku unayosoma gazeti hili nenda kwa msimamizi wako, mwambie mama yako anaumwa, unaomba siku tatu. Utaniambia hujui kama anaumwa. Sema hivyohivyo, nami nitaubeba uongo huo kwa niaba yako, na ikiwa ni uongo nitafurahi kuliko msimamizi. Akikunyima, nenda. Gunia litabebwa na mtu mwingine. Teksi ya kwanza ya asubuhi itakufikisha Mbale kabla ya chakula cha mchana.

Hoja ya mikono mitupu usiniletee. Mama yako hajawahi kumuuliza Gidudu umebeba nini. Kila wiki alikuwa anauliza kama umeshindwa.

Siraje mwambie asante, la pili halihitajiki. Andrew mwambie chumba cha redio Jumamosi kirudi kuwa cha watu wawili, wewe na aliye upande wa pili, na wanaotaka kupiga makofi wakapige mpirani. Nulu na mwiko wake mwache, huyo nadhani anakupenda, lakini hilo ni la barua nyingine.

Ukifika Nabuyonga usianzie kwa Gidudu. Anzia mlango wa mama. Ukimkuta mzima anapepeta mchele, kaa naye, ucheke, unitukane mimi kwa nauli yako. Ukimkuta amelala, kaa naye vilevile, umwangalie vizuri, na kama ni wa kupelekwa hospitali mpeleke siku hiyohiyo, usingoje aseme hana kitu, maana huyo atasema hana kitu.

Gidudu atakuja mwenyewe. Habari ya mtu aliyeshuka kwenye teksi na mfuko haichelewi Nabuyonga. Mwambie kwa mdomo wako, kwa Kigisu, maneno machache: nilikuwa na watu wanane na daftari, na nilikudanganya. Atakutukana. Mwache amalize.

Kisha toeni ubao nje, mkae karibu na dirisha la mama, mpange vizibo. Daftari litakuwa limebaki Wanyange. Sogeza kama ulivyokuwa unasogeza zamani, mbele, bila kutazama nyuma. Na Gidudu akikushinda, Mafabi, shindwa kwa sauti kubwa, asikie aliye ndani.